Punje Tatu na Nusu

Ellis, Idaho
6 Agosti 1961

Nola,

Miaka mitatu hujakanyaga jikoni mwangu. Yule kondoo jike uliyemnyonyesha kwa chupa wiki ya mazishi ya babu yako amekwisha kuzaa mara tatu. Mbwa alikuwa analala mlangoni akikungoja. Siku hizi analala karibu na jiko kama watu wenye akili. Wala usinieleze kwamba Alaska ni mbali. Mabata bukini wanatoka huko kila mwaka, na sijasikia hata mmoja analalamikia nauli.

Halafu barua yako inakuja, naifungua kabla sijakaa, kumbe unaulizia maganda ya risasi. Goti langu hukuliulizia. Linauma, ahsante.

Haya, sikiliza, maana babu yako kwenye daftari aliandika namba tu, kazi ya mikono hakuiandika. Kazi ya mikono ilikuwa yangu.

Bunduki uliyoichukua haina risasi dukani, wala haitakuwa nayo. Babu yako Harlan aliitoboa mwenyewe chemba yake, tundu linamokaa risasi, mwaka wa arobaini na saba, upana wake na bega lake, pale ganda linapoanza kubana kuelekea shingoni, ni vya kichwani mwake. Wenzake huita risasi za namna hiyo paka mwitu, kwa sababu hazina mwenyewe. Yeye aliiita Zelpha. Alisema inapiga teke na haisahau. Nilimnyima chakula siku hiyo.

Nunua maganda mapya ya magnum, yale yenye mkanda kitakoni. Yapake mafuta ya sufu ya kondoo, kidogo, kama unavyompaka mtoto mdomo wakati wa baridi. Ukizidisha, mafuta yanakusanyika na kulibonyeza bega, na ganda likishabonyea ni la kutupa. Lisukume ndani ya kalibu, kile chuma cha kuliumba, polepole, likigoma lirudishe, usishindane nalo. Kisha kata shingo zilingane. Kisha lipige mara moja kwa baruti kidogo na unga wa mahindi juu yake, bila risasi, litanuke lijae chemba. Usicheke, unga huohuo wa mkate. Baada ya hapo yasimamishe kwenye sahani ya maji, maji yafike nusu, uchome shingo kwa moto. Fanya kazi hiyo penye giza kidogo uione rangi. Rangi ikibadilika tu, liangushe majini. Ukingoja liwe jekundu umeliua.

Na miwani. Vaa miwani ya babu yako kila unapofyatua, hata kama unaonekana bundi. Bundi ana macho mawili.

Ile mizani yake ya kupimia baruti usiniulize tena. Bunduki umechukua, kalibu umechukua, daftari umechukua. Mjane ana haki ya kubakiwa na kitu kimoja. Nunua yako.

Unajua sikwenda shule, herufi nilizijulia kwenye makopo ya baruti, ndiyo maana naandika kubwa na karatasi inaniishia hapa.

Bibi yako,
Zelpha Pruett


Kupitia McGrath, Alaska
21 Agosti 1961

Bibi yangu mkali,

Goti lako linaendeleaje? Umeona, nimeanza nalo.

Maganda ishirini na tano yamekuwa mazuri. Matano ya kwanza yalibonyea bega, sababu ni mafuta kama ulivyosema, nimeyatundika dirishani yanilie kengele upepo ukivuma. Ule unga wa mahindi umenifanya ninuke mkate wa bundukini siku nzima. Arvid alicheka mpaka akakaa chini. Mume wangu huyu hajawahi kukuona na tayari anakuogopa.

Sasa yuko juu ya mto na wawindaji wake kutoka mjini, harudi mpaka Oktoba, na mimi niko peke yangu na dubu. Sikutanii. Ameshaivunja ghala ya nyama mara mbili. Mara ya pili aliacha alama za kucha kwenye mlango wa nyumba, juu ya kitasa. Bunduki nyingine iliyobaki hapa ni ile ndogo ya Arvid ya kuwindia bata, na kwa dubu hiyo ni kumtukana tu. Kwa hiyo Zelpha lazima awe tayari, nami nampikia taratibu.

Mizani nimenunua, mpya, ya Anchorage, nimeijaribu kwa vipande vya uzito vilivyokuja nayo, haikosei hata nusu punje ya uzito. Nilianza na punje sabini za baruti kama Babu alivyoandika, nikapanda moja moja. Sabini na moja safi, sabini na mbili safi. Sabini na tatu, fataki kwenye kitako cha ganda ililala bapa kama sarafu iliyokanyagwa na treni, na komeo la bunduki likagoma kufunguka mpaka nilipoligonga kwa kiganja. Nadhani maganda yangu nimeyachoma vibaya. Au unasemaje?

Maana Babu mwenyewe hasimami hapo. Ukurasa wa mwisho ameandika 75 Z, akapiga mstari chini yake, akaandika pembeni: tamu. Kila namba kaiwekea Z yako, Bibi, kama kijana anayechonga jina la mchumba kwenye mti. Mzee yule alikupenda.

Nitayachoma upya, nijaze ishirini kwa sabini na tano.

Mjukuu wako,
Nola


Ellis, Idaho
2 Septemba 1961

Nola,

Usijaze sabini na tano. Kama umejaza usifyatue. Ng'oa vichwa vya risasi, mwaga baruti, anza upya kwa sabini na moja na usipande hata punje moja. Maganda yako hayana kosa. Usiniulize kwa nini, fanya kama ninavyokuambia, kama ulivyofanya utotoni nilipokukataza kujizungushia kamba ya farasi mkononi.

Bunduki ikikugomea komeo inakuambia kitu. Isikilize.

Jirani yangu anakwenda posta sasa hivi, anapiga honi.

Zelpha


McGrath
10 Septemba 1961

Bibi,

Barua yako nimeipata leo na ndege ya posta inangoja mtoni, kwa hiyo nitasema haraka na usinikasirikie.

Sabini na moja umeitoa wapi? Nimepitia daftari lote. Haipo. Babu hakuwa mtu wa kubahatisha. Ni miaka kumi na zaidi ameandika tarehe, baridi ya siku hiyo, upepo, na kila punje, na bunduki hii haijawahi kumuumiza. Wewe ulikuwa unachoma shingo, Bibi, kazi nzuri na mimi nimeifuata neno kwa neno. Lakini aliyekuwa anapima ni yeye. Unaniambia nimwache yeye nikufuate wewe, halafu unanikataza kuuliza kwa nini. Mimi si mtoto tena wa kamba ya farasi.

Najua unaniogopea. Ungekuwa hapa ukaona mlango wangu ungeogopa kingine. Amekuja tena juzi mchana kweupe, akasimama kando ya lundo la kuni akinitazama kama mwenye nyumba anayedai chumba. Siwezi kumkabili na risasi ya nusu nguvu kwa sababu Bibi ameota ndoto mbaya.

Maganda nimeyachoma upya, safari hii rangi ilikuwa kamili. Ishirini ziko tayari, sabini na tano kila moja. Sitazichezea. Za kazi tu.

Nola


Ellis, Idaho
19 Septemba 1961

Nola, mama yangu,

Umesema kweli. Nilikukataza kuuliza kwa sababu jibu lilikuwa linaniaibisha. Sasa kaa chini ulisome, na bunduki iwe mbali na wewe.

Mizani ya babu yako ilikuwa inadanganya. Ikiwa tupu inasimama sawasawa, sifuri yake haina kasoro, mtu yeyote angeapa ni nzima. Ukianza kuipakia ndipo uongo unapokua. Ikikuambia sabini na tano, kwenye sahani kuna sabini na moja na nusu. Nimehakikisha jana kwa mizani ya mwenye duka la dawa mjini Challis. Inazidisha punje tatu na nusu. Kwa hiyo ile sabini na tano tamu hakuifyatua hata siku moja maishani mwake. Wewe unayo ya kweli, umeipima kwa mizani ya kweli, ishirini, na usiku unalala nazo.

Yeye hakuumia kwa sababu aliijazia bunduki ileile kwa mizani ileile. Uongo wa kipimo kimoja kila siku unakaa kama ukweli. Ulipoondoka na daftari, namba zikaenda na uongo ukabaki kwangu.

Aliyeiharibu ni mimi.

Telegramu ya baba yako ilikuja mwezi wa sita, arobaini na nne. Ulikuwa na miaka sita, ulikuwa nje na kuku. Nilisomewa na mtu wa posta pale mlangoni, maana mimi maneno marefu yananishinda. Babu yako aliichukua akaikunja. Hakulia. Alikwenda mezani, akavuta mizani, akaanza kupima baruti. Mwanangu amekufa vitani na baba yake anapima baruti, punje, punje, kijiko kinagonga sahani. Nilisimama nikimtazama mpaka akainuka kwenda kuwafungia farasi. Alipotoka tu nikaichukua ile mizani nikaitupa ukutani.

Kisha nikaogopa. Nikaiokota, nikaunyoosha kwa koleo mkono wake uliopinda, nikairudisha palepale. Akarudi akakaa, akaendelea. Sikumwambia siku hiyo. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi, na baada ya mwaka haisemeki kabisa. Siku ya mazishi ulipoiomba nikakuambia mjane ana haki ya kubakiwa na kitu kimoja. Mficha uchi hazai, nami niliuficha mpaka ukakufikia wewe.

Barua itakuchukua siku kumi, na dubu hasubiri posta. Kwa hiyo leo nakwenda Challis kwenye simu ya dukani. Wameniambia kuna redio huko kwenu inayosoma salamu za watu wa porini kila jioni. Nitawaambia wasome hivi: Nola wa Arvid, mizani ya babu yako ni mwongo, bibi yako aliitupa ukutani, sabini na moja tu. Mwenye duka atasikia, na mkewe atasikia, na kesho kutwa bonde zima litajua. Acha wajue.

Nimekula kiapo sitakula nyama mpaka nipate barua yako. Nakula maharage. Andika upesi.

Bibi yako,
Zelpha


McGrath
1 Oktoba 1961

Bibi,

Niko hai na macho yangu ni mawili. Kula nyama.

Redio ilikusoma jioni nne mfululizo, na mimi betri zangu zilikuwa zimekufa tangu Agosti. Mto mzima ulisikia isipokuwa mimi.

Tarehe ishirini na nne asubuhi dubu alikuja. Hakuendea ghala, alikuja moja kwa moja kwenye mlango. Nilikuwa nimevaa miwani ya Babu. Nataka ujue hilo kwanza kabla ya mengine. Niliivaa kwa sababu ulisema, hata siku nilizokuwa nimekukasirikia niliivaa.

Nilifyatua akiwa hatua arobaini. Kishindo hakikuwa kile ninachokijua. Moshi ulirudi nyuma usoni kama mtu amenimwagia makaa, kioo cha kulia kikapasuka kote, kwa jicho la kushoto nikaona giza na machozi. Nikavuta komeo. Halikwenda. Nikaligonga kwa kiganja, nikaligonga kwa kuni, likawa kama limechomelewa kwa moto pale. Risasi nyingine mbili ndani na siwezi kuzifikia, dubu yuko mbele yangu na simwoni. Nilisimama pale nikimsikia anapumua. Sijui kwa muda gani. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, na kila moja nilisema hii ndiyo anayoinukia. Baadaye nikagundua nahesabu zangu peke yangu.

Alikuwa ameketi kando ya lundo la kuni kama mzee aliyechoka, akalala hapohapo asiamke tena.

Alasiri nikasikia mashua. Ni Mzee Miska, jirani yetu wa bondeni, mtego wake wa karibu ni safari ya saa tano. Hajafika ukingoni anapiga kelele: "Nola wa Arvid, mizani ya babu yako ni mwongo! Bibi yako kaitupa ukutani!" Nilikuwa nimekaa na kitambaa cha maji shavuni. Nikamwambia, "Bunduki imeshaniambia, Mzee." Akanitazama uso, akatazama dubu, akavua kofia. Kisha akasema, "Huyo bibi yako angekuwa huku tungemuoa."

Shavu limeungua na litabaki na alama. Komeo tulilifungua kesho yake kwa nyundo ya mbao, fataki haikuwapo tena, kitako cha ganda kimetanuka kama uyoga. Kumi na tisa zilizobaki nimezing'oa vichwa na baruti nimeimwaga kwenye majani. Bunduki nitampa fundi aitazame kabla haijaguswa tena. Nilikuambia kazi yako ilikuwa kuchoma shingo. Nisamehe.

Sasa jambo ambalo sijui kama nikuambie. Mzee Miska alikuwa analipekua daftari karibu na jiko wakati mimi napika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeganda kwenye jalada kwa mafuta ya sufu, mimi sikujua hata kama upo. Joto likauachia. Umeandikwa kwa penseli, mwandiko wa Babu, naunakili kama ulivyo:

18 Juni 1944. Mizani ya Z inazidisha tatu na nusu. Sitaigusa. Alikuwa na haki.

Bibi, ile Z haikuwa jina la risasi wala ya mchumba kwenye mti. 75 Z maana yake sabini na tano kwa mizani ya Zelpha. Alikuwa anajua kila siku.

Mjukuu wako,
Nola


Ellis, Idaho
12 Oktoba 1961

Nola,

Nimekula nyama. Nimekula mpaka mbwa akaniangalia vibaya.

Ule mstari mmoja nimeusoma, na mara ngapi sitakuambia. Kisha nikatoka nikaenda mpaka kwenye kaburi lake kule juu na goti langu hili, nikamwambia mzee mpumbavu wewe. Nikamwambia mara mbili kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa zito. Nikaketi pale mpaka baridi ikanifukuza.

Unakumbuka majirani walivyokuwa wakija kumwomba namba zake? Alikuwa anafumba macho kwanza, kama anayesali, ndipo anawatajia. Nilidhani ni ubahili, kwamba namba zinamuuma kuzitoa. Kumbe alikuwa anapiga hesabu, anatoa tatu na nusu. Watu wa bonde zima aliwalinda na mizani yangu, na mbele yangu akajifanya haoni.

Watu wataniambia ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, sikatai. Lakini tulikaa meza moja miaka kumi na minne, kila mmoja anamhurumia mwenzake na kunyamaza, na huruma yetu ikaenda kukulipukia wewe usoni. Neno moja tu angesema. Mimi neno moja tu. Tungelia siku moja na kununua mizani nyingine. Wewe na huyo Arvid wako msije mkahurumiana hivyo. Kitu kikivunjika semeni kimevunjika, na aliyekivunja nani.

Kuhusu kunisamehe wewe mimi, au mimi wewe, hayo tutayamaliza uso kwa uso. Kwenye barua nakosea herufi. Mwambie Mzee Miska nimesikia, na kwamba nimeshaolewa.

Sasa ujio wako. Utakuja kabla ya kondoo kuzaa, na huyo mume uje naye nimwone anavyoogopa. Usipite mlango wa mbele, umevimba kwa unyevu, pita jikoni. Lete daftari na lete mizani yako mpya. Ya babu yako nimeitoa sandukuni, iko mezani mahali pake. Tutaziweka zote mbili, tutapima ukurasa kwa ukurasa, wewe utasoma na mimi nitaandika namba ya kweli chini ya kila moja, kwa wino, kubwa kama ninavyoandika. Lakini zile Z usifute hata moja.

Bibi yako,
Zelpha Pruett